Mtu wa vita aliyegeuka manowari

Juni 1914 meli ya kivita ya Kijerumani ilitia nanga Dar es Salaam, na watu wa mji wakashuka ufukweni kuitazama. Kwenye karatasi za wenyewe iliitwa Königsberg, jina la mji wa Prussia kule Baltiki. Wenyeji hawakuhangaika nalo. Walitazama, wakahesabu, wakaipa lao: manowari na bomba tatu. Bomba zenyewe ni zile dohani za kutolea moshi, zimesimama tatu kwa mstari katikati ya meli. Jina likashika, hata leo Wazungu wanaoisimulia historia ya meli ile hulinukuu kwa Kiswahili chake.

Mwalimu wa sarufi atataka kulisahihisha: "manowari yenye mabomba matatu". Awaachie watu wa bandarini jina lao. Na kijana wa Kariakoo akisikia "bomba tatu" leo atadhani meli inasifiwa, wala hatakuwa mbali sana na ukweli. Enzi zile bomba zilikuwa kipimo. Meli yenye bomba nyingi ilidhaniwa kuwa na boila nyingi, na boila nyingi ni mvuke mwingi, na mvuke mwingi ni mbio. Mabaharia wenyewe walitambuana kwa bomba kabla bendera haijaonekana. Oktoba mwaka uleule meli nyingine ya Kijerumani, Emden, ilijibandika bomba la nne la uongo, ikaingia bandari ya Penang alfajiri ikidhaniwa ni ya Kiingereza, ikaizamisha meli ya kivita ya Kirusi iliyokuwa imelala pale. Kwa hiyo wale waliosimama ufukweni wakihesabu hawakuwa washamba wanaoshangaa chuma. Walikuwa wanaisoma meli kama anavyoisoma mlinzi aliye juu ya mlingoti.

Lakini mimi shida yangu ni neno la kwanza katika jina lile.

Miaka fulani nilikuwa natafsiri habari za kimataifa katika chumba kimoja cha habari, na jirani yangu wa meza, mhariri mdogo kwangu kwa umri, alikuwa na kalamu isiyo na huruma. Kila nilipoandika manowari, yeye anafuta, anaweka meli vita. Siku ya tatu nikamuuliza kulikoni.

"Kaka, hilo neno la Waingereza hilo," akasema. "Tuna maneno yetu."

"Na meli je?"

Akanyamaza. Meli ni neno la Kiingereza la barua na vifurushi vya posta, mail. Zile stima zilizoleta barua pwani ndizo zilizotuachia jina. Nikaona nimalizie kabisa. Ukisema utarudi kwenye merikebu, hiyo ni ya Kiarabu. Bandari na nahodha ni vya Waajemi, na nanga tunayoitupa majini nayo ni yao. Bendera inayopepea juu ni ya Wareno. Ukianza kuwarudishia wageni chao, utajikuta umekaa kwenye mtumbwi, huna nanga wala bendera, na bandari ya kwenda huijui. Akacheka, akairudisha manowari. Kesho yake akaifuta tena, lakini hayo ni mengine.

Neno lenyewe chanzo chake ni man-of-war, na Waingereza hawakuanza kwa kulitumia kwa meli. Mwanzo lilikuwa na maana yake ya waziwazi: mtu wa vita, askari. Katika Biblia yao ya mwaka 1611, wimbo wa Musa baada ya jeshi la Farao kuzama Bahari ya Shamu, Mungu anaitwa kwa maneno hayohayo, man of war. Biblia yetu ya Union inasema: "Bwana ni mtu wa vita, Bwana ndilo jina lake." Kutoka 15, mstari wa 3. Maneno yale matatu ya Kiingereza yana wenzao wawili katika Kiswahili. Mmoja amepita kanisani akawa mtu wa vita. Mwingine amepita gatini akawa manowari. Sijui ni waumini wangapi wamewahi kuimba habari za huyo wa kwanza huku wa pili amelala bandarini mbele ya macho yao.

Huko kwao mtu aligeuka meli kwa njia ya kawaida ya Kiingereza cha baharini, ambako chombo huitwa mtu kwa kazi yake. Meli ya biashara ni merchantman. Iliyokwenda India ni Indiaman. Iliyobeba askari na mizinga ikawa mtu wa vita. Watu wa pwani hawakupewa hadithi hiyo. Walichopata ni sauti, kutoka midomo ya mabaharia, na kitu chenyewe kinachoelea mbele yao. Zanzibar walikuwa na nafasi ya kutosha ya kulisikia. Katika miaka ya 1870 na mwanzo wa 1880 meli kuukuu ya mbao iliyoitwa London, iliyoshushwa majini mwaka 1840, iliegeshwa bandarini pale kama kituo cha kuwawinda wafanyabiashara ya watumwa. Haikuwa ikienda popote. Vimashua vyake ndivyo vilivyozunguka kukamata majahazi. Neno likipata mwenyeji wa namna hiyo, anayekaa miaka bila kuondoka, halikosi kuzoeleka.

Hapa kuna jambo linalonipendeza mimi kama mtu wa maneno. Kiswahili kina tabia ya kumpokea mgeni na kumvalisha kanzu ya ukoo. Kitabu kilikuja kutoka Uarabuni kikiwa na ki- yake ndani, tukadhani ni kiambishi, tukapata vitabu. Mzunguko wa barabarani, kwa amri ya Kiingereza ya kushika kushoto, ukawa kiplefti, na viwili vikawa viplefti. Bati la kuzuia tope kwenye gurudumu likaja kama madigadi, watu wakaona ma- mbele, wakasema basi moja litakuwa digadi. Sasa manowari nayo ina ma- palepale mbele. Ilikuwa imejiandaa kabisa kukatwa. Lakini hakuna anayesema nowari moja, manowari mbili. Tunasema manowari hii, manowari hizi, neno limebaki zima. Dhana yangu, na ni dhana tu, ni kwamba madigadi huonekana mawili mawili ubavuni mwa gari moja, ukaweza kuwaza lile moja peke yake. Manowari huja moja, na moja hiyo inatosha.

Sasa tuvuke upande wa pili, kwa wale waliokuwa juu ya meli.

Tarehe 10 Februari 1906 mfalme Edward wa Saba alishusha majini huko Portsmouth meli iliyoitwa Dreadnought. Mkuu wa jeshi la wanamaji, Jacky Fisher, alikuwa na haraka nayo. Ujenzi ulianza rasmi Oktoba 1905, na Oktoba 1906 ilikuwa baharini ikijaribiwa. Meli kubwa za kivita za kabla yake zilikuwa na mizinga minne ya inchi 12 na mingine midogo ya kila namna. Hii ilikuwa na mikubwa 10, yote ya inchi 12. (Mzinga, tusisahau, ni gogo la nyuki, babu zetu waliona mdomo wa silaha ile wakaona umbo wanalolijua.) Ilikuwa na uzito wa tani 18,000 na ushei, na ilisukumwa na tabo za mvuke, yaani turbine, kwa kasi ya noti 21, ndiyo maili 21 za baharini kwa saa. Kwa siku moja kila meli kubwa duniani ikawa kuukuu, zikiwemo za Waingereza wenyewe. Jina la meli moja likawa jina la kabila zima la meli: Ujerumani ikajenga dreadnought zake, Marekani zake, Brazil ikaagiza za kwake. Zilizotangulia zikabatizwa upya kinyumenyume, zikaitwa za kabla ya dreadnought, kama mtu anayeambiwa uzeeni kwamba maisha yake yote alikuwa anamsubiri mwingine.

Na jina lenyewe? Dread ni hofu kubwa, nought ni si kitu. Ogopa si kitu, yaani usiogope chochote. Halikubuniwa na Fisher. Manowari ya mbao yenye jina hilo ilijengwa mwaka 1573 zama za malkia Elizabeth wa Kwanza, na ilikuwemo mwaka 1588 walipopambana na Wahispania. Katikati hapo Waingereza walilitumia neno hilohilo kwa kitambaa kizito cha sufi na koti lake, la kuvaa wakati wa mvua na upepo. Mimi napenda sana hatua hii ya koti. Inaonyesha hofu waliyokuwa wanaisema wakati huo: baridi, mawimbi, tufani. Mtu aliyevaa dreadnought alikuwa haogopi mvua. Fisher alipopewa u-lodi mwaka 1909 alichagua kaulimbiu inayosema mche Mungu, usiogope kitu, akaliweka jina la meli yake ndani yake, na habari za koti zikaisha.

Tazama basi tofauti. Manowari inataja kilichoonekana. Dreadnought inataja anachojisemea aliyeko ndani. Ni jigambo, na jigambo lina shida moja, linataka kuongezewa kila mwaka. Haikupita miaka mitano zikaja zenye mizinga ya inchi 13 na nusu, ikabidi ziitwe super-dreadnought. Ukishasema huogopi kitu, unaongeza nini? Unaweka "super". Mwaka 1909 wananchi wa Uingereza waliimba wanataka dreadnought nane na hawatasubiri. Vita vilipokuja, hao wasioogopa kitu walikaa muda mwingi bandarini Scapa Flow wakihofia bomu la kutegwa majini na nyambizi, na walikuwa na haki ya kuhofia: Oktoba 1914 moja ya zile super, Audacious, maana yake jasiri, iligonga bomu la kutegwa karibu na Ireland ikazama, na serikali ikaificha habari hiyo hadi vita vilipokwisha. Dreadnought yenyewe haikuwepo kwenye pambano kuu la baharini la Jutland mwaka 1916, ilikuwa matengenezoni. Sifa yake ya pekee vitani ni kuigonga nyambizi ya Kijerumani kwa pua mwaka 1915. Mwaka 1921 ikauzwa chuma chakavu.

Lakini nisiiache kabla ya kusimulia siku ambayo Zanzibar ilipanda juu yake bila kujijua.

Februari 7, 1910, simu ya maandishi ilifika kwenye meli hiyo, ikiwa imetia nanga Weymouth: wana wa ufalme wa Uhabeshi wanakuja kuitembelea, wapokewe kwa heshima. Wageni walikuja kwa treni, vilemba na majoho, ndevu za kubandika, nyuso zimepakwa rangi nyeusi. Walikuwa vijana wa Kiingereza wa familia za wasomi wakifanya mzaha ulioandaliwa na Horace de Vere Cole, na mmoja wa hao wana wa mfalme wenye ndevu alikuwa msichana, Virginia Stephen, ambaye dunia ilikuja kumjua kama mwandishi Virginia Woolf. Walipokewa. Walikagua gwaride. Walionyeshwa mizinga. Chakula walikataa, kwa hofu kwamba rangi ya midomo itatoka.

Lugha waliifanyaje? Njiani kwenye treni walikuwa na kitabu cha sarufi ya Kiswahili, wakajaribu kukariri maneno mawili matatu. Kiswahili, kwa Uhabeshi! Kwao Afrika ilikuwa nyumba moja yenye chumba kimoja. Hayakukaa kichwani, na mkalimani, ndugu yake Virginia, akaishia kutamka mashairi ya kale ya Kilatini na Kigiriki kwa lafudhi ya kuvurugavuruga. Maafisa hawakugundua. Na wao pia walikuwa na lao: hawakuwa na bendera ya Uhabeshi wala wimbo wake. Wakapandisha bendera ya Zanzibar, bendi ikapiga wimbo wa Zanzibar.

Watu wameucheka mzaha huu kwa zaidi ya miaka 100, na kweli una vichekesho vyake. Meli ya siri kuliko zote iliwafungulia mlango watu wenye gundi kidevuni. Mimi nacheka nusu. Uhabeshi ndiyo iliyowapiga Waitaliano Adwa, Machi 1896. Mwaka huohuo, Agosti, bendera ile ya Zanzibar, nyekundu tupu, ilikuwa imepigwa mizinga na jeshi lilelile la wanamaji lililokuja kuipandisha Weymouth kwa kukosa nyingine.

Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki Agosti 25, 1896, na Khalid bin Barghash akaingia jumba la kifalme bila idhini ya Waingereza. Alipewa hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Mbele ya jumba zilipangwa meli tano za Kiingereza. Muda ulipopita dakika mbili hivi wakaanza kupiga, na chini ya saa moja yote yalikuwa yamekwisha. Watu wapatao 500 upande wa Khalid walikufa au kujeruhiwa. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Meli ya sultani, Glasgow, ambayo Sayyid Barghash aliiagiza Uingereza kwa mfano wa meli yao wenyewe yenye jina hilo, ilizamishwa palepale, na milingoti yake ikabaki imechomoza majini hadi mwaka 1912.

Sasa majina ya hizo tano: St George, Philomel, Racoon, Thrush, Sparrow. Ya kwanza ni mtakatifu. Racoon ni mnyama wa Marekani mwenye mkia wa mistari. Tatu zilizobaki ni majina ya ndege waimbaji, na wa mwisho tunamjua vizuri, ni shomoro. Jumba la sultani lilivunjwa na Shomoro na wenzake. Na kwa hesabu za Waingereza, hakuna hata moja kati ya tano hizo iliyostahili kuitwa meli kubwa ya vita. Zilikuwa kruza tatu, yaani meli za vita za daraja la kati, na boti mbili za mizinga. Fundi wa istilahi angekataa kuzipa cheo. Aliyekuwa ndani ya jumba asubuhi ile hakuwa na fundi wa istilahi karibu. Zilikuwa manowari zote tano.

Ndiyo maana siungi mkono malalamiko kwamba manowari ni neno butu, kwamba tunahitaji neno letu la dreadnought, letu la kruza, letu la kila daraja. Madaraja yale yalikuwa ya kuhesabiana wao kwa wao, na yamekufa na chuma chake. Mwandishi wa Kiswahili akitaka kuonyesha meli ina ukubwa gani, ana nafasi ya kueleza: manowari ya kubeba ndege, manowari yenye mizinga 10, manowari na bomba tatu. Ninapogoma ni pale mtangazaji anapoiita nyambizi manowari bila kutuambia kwamba iko chini ya maji. Nyambizi tunayo, imetoka kwenye mbizi yetu wenyewe, neno zuri na linaeleza. Ingawa hata hapo Waingereza wamenivurugia hoja. Mwaka 1960 walishusha nyambizi yao ya kwanza ya nyuklia na kuiita Dreadnought, na nyambizi wanazojenga sasa za kubeba makombora ya nyuklia ni za daraja la Dreadnought. Asiyeogopa kitu sasa kazi yake ni kujificha.

Turudi kwa yule wa bomba tatu. Septemba 20, 1914 alfajiri, Königsberg iliikuta Pegasus ya Kiingereza bandarini Zanzibar ikitengenezwa boila, ikaimaliza. Mabaharia wake kadhaa wamezikwa kwenye kisiwa cha Chapwani, mkabala na mji. Kisha injini ya Königsberg yenyewe ikaharibika, ikaingia kujificha delta ya Rufiji, katikati ya mikoko. Waingereza wakaja na Goliath, hii ikiwa kweli meli kubwa ya vita kwa madaraja yao, yenye mizinga minne ya inchi 12. Iliupiga Dar es Salaam mwishoni mwa Novemba. Rufiji haikuwa na la kufanya. Maji ya mtoni ni haba kwa tumbo lake. Iliyokuja kufanya kazi ni Severn na Mersey, vyombo bapa vya mtoni vilivyokuwa vimejengwa kwa ajili ya Brazil, vikisaidiwa na ndege ya kuangalia risasi zinakoanguka. Julai 11, 1915 ikawa mwisho wa Königsberg. Wajerumani waliilipua wenyewe, ikakaa kwenye matope.

Mizinga yake 10 ilitolewa majini, ikapelekwa Dar es Salaam, ikatengenezewa magurudumu. Kuanzia hapo ilipigana nchi kavu, ikivutwa kwa kamba na mamia ya wapagazi, porini na milimani. Mzinga wa inchi nne na zaidi, mabegani na mikononi mwa watu ambao pengine bahari hawakuwahi kuiona. Sijakutana na jina lolote walilouita, na ningetoa kitu kulijua.

Mmoja wa mizinga hiyo upo Mombasa, uani Ngome ya Yesu, na karibu yake umewekwa mmoja wa Pegasus. Nilipokwenda mara ya mwisho watoto wa shule walikuwa wamepanga foleni kuukalia, mmoja baada ya mwingine, na mwalimu anapiga picha. Chuma kilikuwa kimeshika jua, wakawa wanaruka wakilalamika unachoma. Mmoja akauliza huu ulikuwa wa nini. Mwalimu akamjibu bila kugeuka, "Wa manowari." Mtoto akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa, akapanda.